Utando wa Ndani

Mshonatando haikuwa na kelele, na hilo ndilo lililowaudhi wageni. Mtu amefunga safari ndefu kuja Singida kuona mashine inayofufua figo, anategemea mngurumo, taa za kuwaka na kuzima, angalau mvuke kidogo. Anakuta sinia la kioo lenye maji na mayai ya chura. Basi. Mayai yamepangwa mistari, kila moja dogo kama punje ya ulezi, utosi mweusi na tumbo jeupe, na juu yake zimening'inia maelfu ya sindano nyembamba kuliko unywele, kimya, zinangoja.

Zinangoja yai lijigawe. Yai la chura likisharutubishwa halichelewi: kwa muda ambao mtu anachemsha maharage, mfereji mwembamba unatokea kwenye ule utosi mweusi, unashuka pande zote mbili, na seli moja inakuwa mbili. Sasa hebu fikiri. Kitu cha mviringo kikikatwa vipande viwili, ngozi yake ya zamani haiwezi kuvifunika vyote. Lazima ipatikane ngozi nyingine, na ipatikane haraka. Yai limekwisha kujiwekea akiba. Limejaa vifuko vidogo vya utando vilivyokunjwa tangu lilipokuwa tumboni mwa mama yake. Mfereji ukifika, vifuko vinapanda, vinafunguka, vinaungana, na kati ya seli mbili unasimama utando mpya, mweupe, laini, usio na rangi wala mikunjo ya ule wa nje.

Hapo ndipo sindano ziliposhuka. Zilivifyonza vifuko kabla havijafunguka, zikavisafisha alama zote za chura, na roboti ya upasuaji ikaenda kuvibandika kwenye seli za figo ya binadamu, palipotoboka. Figo iliyokuwa imekufa ikaanza tena kuchuja. Mayai yalikufa, lakini nani anayemlilia chura?

Na mji ule ulihitaji figo, jamani. Miaka ile chumvi ilikuwa imepanda kutoka maziwani ikaingia chini ya ardhi mpaka kwenye visima vyote. Minara ya upepo iliendesha mitambo ya kusafisha maji mchana kutwa, haikutosha. Watu walivimba miguu, walivimba nyuso, wakazikwa. Aliyeleta nafuu ni binti wa huko huko, Daktari Yustina Ntandu, na sitamnyima sifa yake hata kidogo. Alikuwa na akili, alikuwa na moyo, na mashine aliibuni kwa sababu dada yake alikuwa anakufa.

Dada huyo ni Skolastika, watu walimwita Skola. Ndiye mtoto wa kwanza nyumbani kwao na ndiye aliyembeba Yustina mgongoni wakati mama yao akihangaika na mashamba ya alizeti. Aliletwa hospitali kwa machela, haongei. Baada ya kushonwa alikaa kitandani akaomba ugali na mlenda, akasema ugali wenyewe haukuiva.

Walioshonwa waliitwa washonwa, na walikaa pamoja kwenye wodi moja ndefu juu ya kilima, madirisha yakitazama mawe makubwa ya Singida. Sheria ya utafiti ilisema wakae humo mwaka mzima. Usiku na mchana maji yaliingia mwilini mwao kwa mrija, na maji hayo yaliongozwa na akili mnemba iliyoitwa Mizani. Mizani ilionja damu ya kila mmoja kila dakika na kupima chumvi zake: hii imepungua, ongeza, hii imezidi, punguza. Lilikuwa dude la ukubwa wa ukuta, lisilohama. Maji hayo hayo ya Mizani ndiyo yaliyojazwa kwenye sinia la mayai kule maabara. Bomba lilikuwa moja, na hakuna aliyeona sababu ya kuweka la pili.

Wodi ilikuwa na raha zake. Kitanda cha jirani na Skola alilala Mzee Kitundu, Mnyiramba, na Mnyiramba na Mnyaturu ni watani, kwa hiyo hapakuwa na amani.

"Nyie Wanyaturu," alisema asubuhi moja, "mngekuwa na akili msingejenga juu ya chumvi."

"Na wewe umefuata nini kwetu?" Skola akamjibu.

"Nimefuata mke. Nimekuta mgonjwa."

Wodi nzima ilicheka, na Yustina aliyekuwa anapita alicheka nao. Ilikuwa wodi ya watu waliokwisha kuagana na dunia, sasa wanagombea dirisha.

Halafu washonwa wakaanza kufa, mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa mwalimu, wa pili fundi wa minara, wa tatu mama mmoja muuza asali. Wote moyo ulisimama tu, ghafla, na wote figo zilikuwa nzima. Mkuu wa kituo, Profesa Kajuna, mtu mpole mwenye sauti ya padri, alikuwa na jibu.

"Wamekufa kwa majonzi, Yustina. Angalia, wote wamefia msibani. Mtu halali, anakula ovyo, analia. Moyo wa mtu aliyeugua utastahimili?"

Na kweli wote walikuwa wamefia huko msibani. Wodi hiyo haikumruhusu mtu kwenda harusini, sokoni wala kanisani, lakini ruhusa ya kuzika ilitolewa, maana katika nchi hii hajazaliwa mkuu wa kituo atakayemwambia mtu asiende kumzika mzazi wake. Yustina alilifikiria jibu la Profesa siku nzima. Halikumwingia akilini. Mle wodini alikuwamo mama aliyefiwa na mumewe akashindwa kwenda kuzika kwa sababu ya kidonda cha mguu. Alilia mpaka sauti ikakauka, na sasa alikuwa mzima, anasuka mkeka. Ikiwa majonzi yanaua, mbona huyu yalimwacha?

Tofauti haikuwa majonzi. Tofauti ilikuwa mlango.

Akaenda maabara, akachukua mayai, akayavua ute wake na kile kikoba chembamba kinachoyashika. Nusu aliyaweka kwenye maji ya Mizani, nusu kwenye maji ya kawaida, yale tunayokunywa, akakaa na hadubini yake kungoja. Kwenye maji ya Mizani mayai yalijigawa vizuri, kama siku zote. Kwenye maji ya kawaida mfereji ulishuka, kikoba hakikuwepo cha kuzibana seli, na zile seli mbili zikaachana, zikaonyesha nje kitu ambacho kwa chura hakionekani kamwe: utando mpya, mweupe, uko uchi mbele ya maji. Yustina alichomeka waya wa kupimia umeme. Chumvi ya potasiamu, ile ile inayoupigisha moyo, ilikuwa inavuja kupitia utando huo bila kizuizi. Utando wa zamani uliishika. Mpya haukujua kushika, kwa sababu haukuumbwa kukutana na maji ya nje. Kazi yake ni kukaa ndani, seli kwa seli, gizani. Ndani ya maji ya Mizani, yenye potasiamu tele, usingeona kitu.

"Mungu wangu," alisema peke yake. Alikuwa ameushona utando huo kwenye miili ya watu, tena upande wa nje wa seli.

Maana yake ilikuwa rahisi na mbaya. Mshonwa akiwa kwenye mrija wa Mizani, kinachovuja kinarudishwa dakika hiyo hiyo. Akitoka, kinavuja tu. Siku mbili, tatu, moyo unasimama. Na kumnywesha potasiamu kwa kukisia ni kucheza na kifo kingine, kwa kuwa ikizidi nayo inasimamisha moyo vile vile.

Profesa Kajuna alisikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa hiyo mashine ni nzuri," alisema, "ilimradi wasitoke."

"Wasitoke mpaka lini, Profesa?"

"Mpaka utengeneze Mizani ya kubeba mkononi."

"Hiyo ni kazi ya miaka. Lazima tuwaambie leo. Na wanaopanga foleni getini nao waambiwe."

"Tutawaambia, mama, tutawaambia. Wageni wakishaondoka. Ukiwaambia leo watatoka kwa hofu, utawaua wewe mwenyewe." Alisema kwa upole, na kibaya zaidi ni kwamba hakuwa amekosea sana.

Yustina alikuwa bado kwenye korido ukuta wa simu ulipoita. Picha ya kaka yake Loti ikatokea, na nyuma yake watu wanatandika mikeka.

"Yusti, mama ametutoka."

Alikaa chini pale pale sakafuni. Loti alimwacha alie, kisha akasema lililompasa kusema. "Tunamngoja dada Skola. Huyo ndiye wa kwanza, ndiye wa kutupa udongo wa kwanza. Wazee wamekataa mwingine. Mlete kesho."

"Loti, usimwambie. Nisikilize. Usimwambie chochote."

"Unamficha msiba wa mama yake?"

"Akitoka humu atakufa."

Kumficha mgonjwa msiba si jambo geni kwetu, kila ukoo umewahi kufanya hivyo, kwa hiyo mwishowe Loti alikubali. Yustina aliamuru ukuta wa wodi uzuie kila simu inayomtafuta Skola. Akaosha uso, akapaka mafuta, akaenda kumsalimu dada yake, akamdanganya kwamba macho yake mekundu ni ya mafua.

Alisahau jambo moja tu. Huko nyumbani Ikungi wazee walikuwa wanapanga mazishi kama mazishi yanavyopangwa, na mazishi hayakamiliki bila mtani, yule wa kufanya mzaha na kulizuia kaburi mpaka apewe kitu. Na mtani wa familia ile, aliyemtania marehemu kwenye simu wiki baada ya wiki, alikuwa Mzee Kitundu. Wakampigia. Ukuta ulikuwa umezuia simu za Skola, sio za Kitundu.

Mzee hakuambiwa kuwa ni siri. Aliteremka kitandani, mrija unamning'inia, akajifunga shuka kiunoni kama mjane, akaanza kulia kwa sauti ya uongo, ile inayofanya wafiwa wacheke wapende wasipende.

"Uwiii! Bibi kaniacha! Kaondoka hata hajaniaga, mimi mume wake! Kaburi nimeshalilalia, nawaambia, hazikwi mtu mpaka nipewe jogoo!"

Wengine walicheka. Skola alitabasamu, maana hakujua, akauliza, "Bibi gani tena?"

Mzee Kitundu alimtazama, na shuka likamtoka mikononi. "Skola," alisema. "Hukuambiwa?"

Yustina aliposhika mlango wa wodi alimkuta dada yake amekaa wima, macho makavu.

"Mafua, eh?" Skola alisema.

Ndipo alipomwambia yote: yai, utando, chumvi, mlango. Alisema mbele ya wodi nzima, kwa sauti, na potelea mbali Profesa na wageni wake. Mama wa mkeka aliuacha mkeka ukaanguka.

"Nikienda nitakufa," Skola alisema.

"Utakufa, dada."

"Nikikaa?"

"Utaishi. Humu."

Skola aliangalia ukuta wa Mizani, ule uliompa karibu mwaka wa kula na kucheka. "Mama alinizika mara ngapi kichwani mwake nilipokuwa naumwa? Alishanunua na sanda. Halafu afe yeye, mimi nikae dirishani naangalia mawe, udongo wa kwanza atupe nani? Jirani?"

"Nitatupa mimi."

"Wewe ni wa mwisho. Usinitukane." Kisha akalegeza sauti, akamshika mkono. "Yusti, mlango unafunguka kwa kidole chako. Unaweza kunizuia, sina nguvu ya kupigana na wewe. Ila ukinizuia, usije tena karibu na kitanda changu maisha yako yote. Nimekwambia."

Na alikuwa anamaanisha. Yustina alimjua.

Aliufungua. Wapo waliomlaumu baadaye, na wapo walioapa kwamba wangefanya vile vile. Mimi sijui ningefanya nini, na namshukuru Mungu sikuulizwa. Alibeba chupa za maji ya Mizani, akabeba na kipimo cha damu cha mkononi, akajipa moyo kwamba labda atakisia vizuri. Kwenye gari-anga alimnywesha dada yake kidogo kidogo, anapima, ananywesha, anapima, kama anayelisha kifaranga.

Skola alifika Ikungi amesimama kwa miguu yake. Alipiga magoti kwenye ukingo wa kaburi, akachukua udongo, akautupa wa kwanza, na ndipo wengine wakatupa. Siku iliyofuata alikaa mkekani na wanawake, akasimulia jinsi mama yao alivyowahi kumfukuza ofisa kilimo kwa mwiko. Walicheka mpaka machozi. Yustina alipima: potasiamu imeshuka. Alinywesha, ikapanda kupita kiasi, akaacha, ikashuka tena. Mikono yake ilishindwa kazi ambayo Mizani iliifanya bila hata kufikiri. Asubuhi ya pili Skola aliomba chai, akaambiwa inakuja. Ilipoletwa, alikuwa ameegemea bega la mdogo wake, na moyo umesimama.

Kaburi lake lilichimbwa kando ya lile ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi.

Habari ilifika wodini kabla Yustina hajajifuta machozi. Alipopiga simu alikuta washonwa wote wamesimama, wamejikusanya mlangoni na mirija yao. Walikuwa wamelala wodi moja na Skola karibu mwaka mzima, wamekula naye, wamegombana naye. Walitaka kumzika. Wote.

"Tunajua tutakufa, umeshatuambia," Mzee Kitundu alisema. "Fungua, mama."

Yustina aliwatazama nyuso. Alijua wangetoka kweli. Kila atakayekufa atakuwa na wa kumzika, na hao nao watatoka. Profesa Kajuna alikuwa amesimama nyuma yao.

"Mlango ufungwe," Yustina aliuamuru ukuta. "Usifunguke kwa kidole cha mtu yeyote aliye ndani."

Skola alipokwisha kuzikwa, alirudi mjini siku hiyo hiyo. Getini foleni ilikuwa haijapungua. Ukweli ulikuwa umebandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na watu waliovimba nyuso walikuwa wameusoma, na walikuwa wamesimama pale pale. Mmoja alimkamata kanga. "Daktari, mimi sina ndugu wa kuzika. Niingize mimi kwanza." Yustina aliuondoa mkono huo taratibu, akapita.

Aliingia wodini amebeba beseni la plastiki lenye udongo mbichi kutoka kwenye kaburi la Skola. Lilikuwa wazo lake, hakujua kama ni adabu au ni kufuru. Alitaka kila mmoja ashike udongo wake, aseme neno lake, aurudishe, naye aupeleke ukamwagwe kaburini kwa niaba yao. Alipita kitanda kwa kitanda. Wengine walisali. Mama wa mkeka aliubusu udongo. Hakuna aliyemjibu salamu.

Alipofika kwa Mzee Kitundu, mzee hakuchota. Alilishika beseni kwa mikono yote miwili, akalivutia kifuani, akalikumbatia, vidole vimezama udongoni.

"Haya, Wanyaturu," alisema kwa sauti ya msibani. "Kaburi nimeshalilalia. Hazikwi mtu!"

Watu wawili watatu walicheka, maana ndivyo mtani anavyofanya, na Yustina naye, Mungu amsamehe, alitabasamu. Alijua jibu. "Unataka jogoo, mzee?"

"Sitaki jogoo. Hazikwi mtu mpaka nifunguliwe mlango."

Kicheko kilikatika. Yustina alisimama mbele yake, na mzee hakuachia. Kwa desturi mtani hanyang'anywi. Anapewa anachotaka, ndipo mazishi yanaendelea. Yustina hakuwa na cha kumpa. Walikaa hivyo, yeye ameshika ukingo mmoja wa beseni na mzee ameshika mwingine, mpaka mrija wa mzee ukavutika, na Mizani ukutani ikalia mara moja ikimwonya arudi kitandani.

Akaachia.

Yustina alitoka na beseni. Mlango ulijifunga nyuma yake. Huko Ikungi aliumwaga udongo wote juu ya kaburi, na donge lililobaki na alama za vidole vya mzee alilisawazisha kwa kiganja.